Mabano Kwanza

Newala mwezi wa nane ukungu hauna adabu,
unaingia mpaka jikoni bila hodi.
Somoe kajitanda kanga yangu mabegani,
daftari juu ya gunia, taa ya sola msumarini.
"Mama, niulize."

Kitabu nakishika kwa ncha za vidole.
Mafuta ya korosho yameniachia ngozi ya kuazima:
walipotuandikisha mwaka juzi, mashine ya alama
ilinikataa mara tano, kijana wa watu akasema,
"Mama, huna vidole."
Ninavyo. Vinabangua debe zima kwa siku
na vinajua ukurasa gani umechanika.

"Asilimia kumi na tano ya laki mbili na arobaini elfu?"
Anatafuna kalamu, anatazama bati
kama jibu limening'inia huko na popo.
Achana na kitabu, namwambia.
Baba yako kapeleka korosho chama cha msingi,
wamemwandikia laki mbili na arobaini,
wamekata kumi na tano kwa kila mia.
Amerudi na nini?
"Na hasira."
Tunacheka mpaka mdogo wake anageuka kitandani.
Kisha, taratibu: "Wamekata elfu thelathini na sita."
Sawasawa.
Makato nayajua. Hiyo ndiyo shule iliyonifuata nyumbani.

Ndoo nimempokonya tangu Juni,
foleni ya bombani naikalia mwenyewe.
Mama mkwe anapita, anasema na ukuta:
"Mtoto ameshachezwa, bado anatwishwa vitabu?"
Ukuta haujibu. Nami nimejifunza kwake.

Jana usiku, katikati ya sehemu na desimali,
akaniuliza bila kuinua kichwa:
"Wewe, mama, ulipata ngapi?"

Baba yangu aliniita uani kwa sauti ya upole,
na upole ule ndio nilioogopa.
"Kesho andika B. Zote B.
Ada sina. Na ukifaulu nisikupeleke, watanifunga."
Kijijini ilijulikana, hakuna aliyeona ajabu;
mwenzangu Nangonga yeye aliambiwa C.

Nikaandika B, mstari kwa mstari.
Swali la kumi na saba lilikuwa D.
Nililijua kama ninavyolijua jina langu,
mkono ukaandika B,
kama mtu anayemfungia mlango
mgeni aliyemwalika mwenyewe.
Wiki ile baba alininunulia ndara mpya.
Marehemu sasa. Simlaumu kila siku.

"Nilipata za kunitosha," nikamjibu Somoe.
Akanitazama kidogo zaidi ya kawaida,
akarudi kwenye desimali zake.

Alipolala nikachonga penseli zake mbili
kwa kisu cha kubangulia,
nikavuta karatasi ya majaribio, nakala iliyozidi
ambayo mwalimu Chilumba alimpa afungie andazi.
Doa la mafuta limekaa juu ya swali la tatu.
Nikakaa.
Maswali arobaini.
Siku hizi hawaandiki herufi, wanatia kivuli;
nikatia kivuli polepole, nisitoke nje ya duara,
nikafuta, nikatia tena,
na hakuna aliyenong'ona herufi sikioni.

Saa kumi Baba Somoe akatoka
na bomba la salfa mgongoni, akanikuta pale.
"Unafanya nini saa hizi?"
"Nachagua."
Akasimama kidogo. Akaniongezea mwanga wa tochi yake
mpaka nikamaliza ukurasa,
ndipo akaenda kwenye mikorosho.

Nimerudi bombani asubuhi, Somoe ameshaondoka.
Chini ya kikombe changu cha chai, karatasi yangu.
Wino mwekundu: 27 kwa 40.
Kumi na saba ina vema. Ya leo ilikuwa A,
lakini vema ni vema.
Na pembeni, kwa mwandiko wake wa kuinama
kama mtu anayepanda mlima na mzigo:

"La kumi na mbili umeruka mabano.
Mabano kwanza, mama.
Leo usiku nakuuliza mimi."